Odyssey kwa Kiingereza: kikundi cha kusoma kichukue tarjuma ipi?

MvitaMsomaji

Salaam wanajamvi. Tuko watu wanane hapa Mombasa, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, kama saa moja na nusu kila kikao. Tumekubaliana kuisoma Odyssey ya Homer, ule utendi wa Kigiriki cha kale, kwa sauti, kwa zamu, na kwa Kiingereza kwa kuwa hatuna anayejua Kigiriki. Vurugu zimeanza mapema. Wawili wana tarjuma ya Butler kwenye simu, mmoja ana Fagles ya mtumba, mwengine Lattimore, waliobaki wako tayari kununua. Huyu akisoma anamtaja Ulysses, yule Odysseus. Ukisema "mstari wa 200", kila mtu anafungua pahali pake, na wa Butler hana hata hiyo mistari. Je, ni lazima sote tuwe na tarjuma moja? Ipi? Na kazi hii tuigawe vipi?

Kibokoni

Ndugu, kwa kusoma kwa sauti, ndiyo, iwe moja. Zile nyengine zikae pembeni kwa kulinganisha.

Butler ni ya bure kwa sababu ni ya zamani: Odyssey yake ilitoka mwaka 1900, na ni nathari. Inasomeka vizuri, lakini utendi wenyewe umegeuzwa hadithi, mistari haipo tena. Pia ametumia majina ya Kirumi, na hapo ndipo watu wenu walipopotezana. Andikeni hii kwenye karatasi: Jove ni Zeus, Juno ni Hera, Minerva ni Athena, Neptune ni Poseidon, Mercury ni Hermes, Vulcan ni Hephaestus, Mars ni Ares, Venus ni Aphrodite, na Ulysses ndiye Odysseus. Kuna nakala za Butler mtandaoni ambazo majina yamerudishwa kuwa ya Kigiriki, kwa hiyo hata hao wawili wenye simu huenda hawana maandishi sawa.

Kwa kikundi chenu ningechukua Emily Wilson, ya 2017. Kila mstari una mapigo matano, Kiingereza chake ni cha leo, na idadi ya mistari ni ile ile ya Kigiriki, zaidi ya 12,000. Msomaji hapungukiwi pumzi katikati ya sentensi. Fagles (1996) ina kishindo zaidi na dibaji ya Bernard Knox inafaa kusomwa na kila mmoja wenu, ila mistari yake imepanuka. Lattimore (1965) ndiyo iliyo karibu zaidi na mpangilio wa Kigiriki, lakini kwa sauti ni nzito: sentensi ndefu, kitenzi kinachelewa, na msomaji asiyejiandaa atakwama.

Tezo

Nakubaliana na Kibokoni kuhusu kusoma kwa sauti, lakini dada, hiyo Lattimore msiitupe. Mpeni mtu mmoja awe nayo mkononi kila kikao, kazi yake iwe kufuatilia marudio.

Homer anarudia maneno kwa makusudi, na watarjumani wengi wa sasa hubadilisha maneno kila yanaporudi ili yasichoshe. Wilson hufanya hivyo kila alfajiri inapotajwa, kwa mfano; Lattimore huacha fomula, yaani maneno yale yale yanayorudi, ilivyo. Tazameni Kitabu cha 3, mistari 71 hadi 74: Nestor, mfalme mzee, anawauliza wageni ni kina nani, wametoka wapi, wanasafiri kwa biashara au ni maharamia. Sasa nendeni Kitabu cha 9, mistari 252 hadi 255. Yule Cyclops, jitu la jicho moja, anauliza swali lile lile, neno kwa neno kwa Kigiriki. Tofauti ni wakati. Nestor ameuliza baada ya wageni kula wakashiba, Cyclops anauliza kabla ya kutoa hata maji, na chakula hakiji kamwe. Wageni ndio wanaoliwa. Mtu wa pwani hahitaji tanbihi ya kumweleza ubaya wa hilo. Lakini kama tarjuma imebadilisha maneno, hamtagundua kwamba swali ni moja.

Kuhusu nambari: tumieni daima nambari za Kigiriki, kwa mtindo wa kitabu na mstari, yaani 9.252. Katika Lattimore nambari za pembeni zinafuata Kigiriki. Wilson inakaribia sana, tafuteni mistari michache juu au chini. Katika Fagles ya Penguin nambari za pembeni ni za Kiingereza chake mwenyewe. Za Kigiriki zimechapwa juu ya ukurasa, na wengi hawazioni. Mwenye Butler atafute kwa jina la mtu au tukio. Mkikwama kabisa, tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina Kigiriki na tarjuma ya A. T. Murray ya 1919, bure, na nambari zake.

Mgawanyo: mkisoma mistari 10 kwa dakika, saa moja ni mistari 600, inabaki nusu saa ya mazungumzo. Vitabu viko 24 lakini havilingani. Cha 6 kina mistari 331 na cha 7 kina 347, viunganisheni. Cha 4 kina 847, kikateni kwenye 350, mfalme Menelaus anapoingia habari za Misri.

UkutaWaKale

Nyongeza kwa waliolelewa na tenzi: mtatafuta vina na hamtaviona. Kigiriki cha Homer hakina vina. Mizani yake nayo haihesabiwi kama yetu, ambapo kipande ni mizani nane na basi. Wao hupima silabi ndefu na fupi katika vituo sita, ndiyo maana mstari mmoja unaweza kuwa na silabi 12 na mwengine 17. Mkikutana na tarjuma ya Alexander Pope, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 18, yenye vina mfululizo, vina hivyo ni vya Pope.

Tena msikipite haraka Kitabu cha 5, mistari 234 hadi 277. Odysseus anaunda chombo kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike aliyemzuia huko: anakata miti 20, anaichonga kwa tezo, anatoboa kwa keekee, anaunga kwa vigingi, anasimamisha mlingoti na foromali, anaweka usukani, tanga linafuata. Watarjumani hawakubaliani kama ni chelezo au chombo chenye mbavu, kwa hiyo hapo fungueni tarjuma zote mlizonazo mbele ya mtu anayejua kazi ya majahazi. Kisha anaondoka akitazama Kilimia, na kundi la nyota la Dubu analiweka kushoto, yaani anaelekea mashariki. Homer anasema Dubu hazami baharini. Kwa Ugiriki ya zama zake ni kweli. Kwetu Mombasa, kusini kidogo ya ikweta, Dubu anazama kama nyota nyengine zote za kaskazini, kwa hiyo asije mtu akadhani mtarjumani amekosea.

MvitaMsomaji

Ahsanteni sana. Tutanunua Wilson, na mwenye Lattimore tumeshampa kazi yake. Suali la mwisho: kuna wanaolalamika kwamba Odysseus hatokei mwanzoni. Na tukichelewa, turuke wapi?

Tezo

Waambieni mapema: Vitabu vinne vya kwanza ni vya mwanawe, Telemachus. Odysseus anaonekana katika cha 5, na safari za maajabu anazisimulia mwenyewe katika cha 9 hadi cha 12. Anayetaka majitu na wachawi tu asubiri, au kikundi kitampoteza katika cha 3.

Cha kufupisha ni cha 15, hasa ile nasaba ndefu ya mtabiri Theoclymenus kuanzia 15.225. Cha 19 msikiguse. Hapo yaya anamwosha Odysseus miguu na kuliona kovu lake, kisha habari inaruka nyuma hadi ujana wa Odysseus, 393 hadi 466, na beseni linangoja muda wote huo. Msomaji wa zamu asikate katikati, la sivyo wasikilizaji hawatajua wako wakati gani.

Kibokoni

Na mkisikia kwamba wanazuoni wa Alexandria, Aristophanes wa Byzantium na Aristarchus, waliuhesabu mstari wa 23.296 kuwa mwisho, msiufanye kisingizio cha kufunga hapo. Jamaa za wachumba waliouawa na Odysseus bado hawajaja kudai damu, na Laertes, baba yake, bado hajamwona mwanawe. Cha 24 kina mistari 548, kinatosha kikao kimoja.