Foto za kisiwa cha Heimaey, na swali juu ya Goma ya mbele ya 2002

MutotoWaBirere:
Jambo bandugu. Kazi ilinipeleka Iceland, nikapata wikendi ya bure, nikasema mi siendi kuoga maji ya moto kama watalii wote, nitaenda kuona volkano yenye iliingia katika muji, kama Nyiragongo yetu ilivyoingia Goma. Nikapanda feri kule Landeyjahöfn, safari haifiki hata saa moja lakini bahari inarusha batu kweli kweli, nikafika Heimaey. Ni kisiwa cha wavuvi, bandari imebanwa katikati ya majabali, ndege bale ba midomo ya rangi bamejaa kwa miamba, na juu ya muji kuna milima mbili. Helgafell ni ya zamani, imeota majani. Eldfell ni nyekundu na ni mutoto bado, maana haikuwepo mpaka 23 Januari 1973, saa nane hivi ya usiku, udongo ukapasuka pembeni ya nyumba za batu. Leo ina meta 200.

Foto ziko hapa chini. Ya kwanza ni ukuta wa lava wenye ulisimama mwisho wa barabara. Ya pili ni nyumba yenye walichimbua chini ya majivu, sasa iko ndani ya makumbusho ya Eldheimar. Lakini yenye ilinishika sana ni ya tatu: unatembea juu ya lava, unakuta vibao, kwamba hapa chini kulikuwa barabara fulani, pale nyumba ya fulani.

Mama mukubwa niliyemuonyesha alicheka tu, eti umelipa tiketi yote ile kwenda kupiga foto mawe yenye tuko nayo nyuma ya choo!

Swali sasa. Nani ana foto za centre-ville, Birere, Katedrali Saint Joseph, mbele ya lava ya 17 Januari 2002? Mi nilikuwa mudogo, nakumbuka tu kukimbilia Gisenyi, kule Rwanda. Tumejenga juu, tunauza juu, na mi sijui niko nakanyaga nini.

Mama_Himbi:
Mwanangu foto gani tena. Tulitoka na batoto, godoro na sufuria, album ilibaki katika kabati na kabati iko chini. Uliza batu ba Butembo, Bukavu, Kinshasa, bale tulikuwa tunawatumia foto za ndoa na komunyo. Nyuma ya bibi harusi utaona katedrali nzima.

Chukudu_77:
Mi nimesoma kwamba hao bazungu walipiga lava maji ya bahari mpaka ikasimama, bandari ikapona. Sisi tuko na ziwa Kivu yote pale, mbona hakuna mutu alileta hata pampu moja?? Serikali ilikuwa wapi

mwalimu_ndosho:
Ndugu Chukudu, serikali tuilaumu kwa mengine, kwa hili lava zenyewe si sawa. Ya Eldfell ilikuwa nzito, inasukumana polepole, wale watu walikuwa na miezi, maana ilianza Januari ikaisha mwanzoni mwa Julai. Pampu kubwa zililetwa hata kutoka Marekani. Hata hivyo nyumba karibu 400 ziliisha. Nyiragongo yetu lava yake ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, 1977 ziwa la lava kule juu lilimwagika lote chini ya saa moja. 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani siku ileile, 2021 ilianza jioni na usiku huohuo ikawa karibu na uwanja wa ndege. Hiyo pampu ungeifunga saa ngapi?

Tena wao walikuwa na bahati, siku iliyotangulia kulikuwa na dhoruba, meli zao zote za uvuvi zimelala bandarini, basi watu zaidi ya 5,000 wakavushwa usiku uleule. Aliyekufa ni mmoja, na si moto uliomuua, ni gesi ndani ya chumba cha chini. Mazuku, kama tunavyoyajua hapa, mbuzi na watoto wanakufa nayo kila mwaka bila volkano kulipuka. Halafu baadaye wakapitisha mabomba ndani ya lava yenye joto wakapasha nyumba zao miaka kadhaa.

Chukudu_77:
Sawa mwalimu nimeelewa. Ila kibao hakiombi pampu.

YayaWaKadutu:
Niko Bukavu. Mudogo wangu nimepata mbili za miaka ya 90, papa alikuwa anashuka Goma kwa biashara, moja ni karibu na rond-point Signers. Nimeziweka hapo. Na wengine wote tafadhali musitumie tu kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, inaharibu, tumeni kama document. Na mupige nyuma ya foto pia, bazee walikuwa wanaandika jina na tarehe pale.

MutotoWaBirere:
Aksanti sana yaya!! Huyu mwenye koti refu pembeni ya Land Rover njo papa?

YayaWaKadutu:
Hapana, papa ni ule anakunywa Fanta.

Mama_Himbi:
Ile duka ya vitenge kule nyuma naijua. Kwetu ilikuwa njia ya pili kushoto. Munitumie kubwa kuliko hii, macho yangu haione vizuri tena.