Madirisha ya alumini kutoka Foshan kwa hoteli ya ufukweni: nikubaliane nini na kiwanda kabla sijalipa?

mjenzi_kigamboni

Wakuu habari za majukumu. Tunajenga hoteli ya ghorofa tatu Kigamboni upande wa baharini, vyumba 42, kutoka ukutani mpaka maji yanapofika ni mita mia na kitu hivi. Sasa hivi tuko kwenye linta ya ghorofa ya pili, bosi kaamua madirisha na milango yote ya balkoni iagizwe China maana kotesheni za hapa mjini anaona zimeruka sana, na rangi aliyochagua msanifu hapa haipatikani. Nimeongea na viwanda vitatu vya Foshan, wote wanasema cheti kipo: mmoja katuma cha CE, wa pili ripoti ya Australia, wa tatu ISO 9001 basi. Bei kwa mita ya mraba zinaachana karibu mara mbili kwa dirisha ambalo kwenye picha ni lile lile!! Naomba kujua TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wanataka nini hasa, cheti kipi kina maana, na je ni bora nilete madirisha yaliyokamilika au nilete profaili na vioo mafundi wakate hapa hapa.

fundi_alumini_tegeta

Bei kuachana mara mbili wala isikushangaze mkuu. Mwambie kila mmoja akuandikie unene wa ukuta wa profaili kwa milimita, aina ya aloi na aina ya rangi, hapo ndo utaona pesa inapokwenda. Wa bei ya chini mara nyingi kakupigia hesabu ya profaili ya 1.0 au 1.2, wakati Wachina wenyewe kwenye kiwango chao cha 2020 (GB/T 8478) dirisha la nje wanataka 1.8 na mlango wa nje 2.2. Aloi iwe 6063-T5 kwenda juu, na uende na vernia yako (kipimo cha unene) usikubali kuoneshwa katalogi.

Ila unene peke yake haukusaidii, kwa hapo ulipo adui ni chumvi. Niliwahi kuitwa hoteli moja ya pwani, jina naliacha, kwa mbali fremu za kijivu zinang'aa vizuri tu, ukisogea kwenye kona pale profaili mbili zilipokatwa digrii 45 zikaungana unaona vinyuzi vinatambaa chini ya rangi, ukikwangua na kucha rangi inabanduka kama ganda. Sababu ni kwamba profaili inapakwa rangi ikiwa mche mzima alafu ndo inakatwa, kwa hiyo pale kwenye mkato alumini inabaki uchi, fundi anatakiwa azibe mkato kwa gundi yake kabla ya kuunga kona, na wengi wanaruka hiyo hatua maana haionekani dirisha likishakamilika. Kwenye mkataba iandikwe.

Rangi ya poda dai Qualicoat (alama ya kimataifa ya ubora wa rangi ya alumini) yenye daraja la Seaside, la karibu na bahari. Poda inaweza ikawa ile ile, kinachobadilika ni maandalizi, alumini inaoshwa mpaka angalau gramu 2 kwa mita ya mraba ziliwe ndo ipakwe. Mpakaji mwenye leseni ana namba yake, ingia tovuti ya Qualicoat uitafute, usipoiona hicho cheti ni karatasi. Unene wa rangi kwa wastani usipungue mikroni 60, kipimo chake ni kidogo kinaingia mfukoni. Na skrubu zote stenlesi ya 316, skrubu ya chuma cha kawaida ndani ya alumini karibu na bahari ni kesi nyingine.

kliaring_kurasini

Naongezea upande wangu. Kiongozi hapo kwenye vyeti umechanganyiwa. ISO 9001 inasema kiwanda kina utaratibu wa kazi, haisemi chochote kuhusu dirisha lako. CE ni alama ya Ulaya, kwa madirisha inakwenda na kiwango cha EN 14351-1, na ina maana kama nyuma yake ipo ripoti ya maabara inayotaja mfumo ule ule wa profaili unaonunua na saizi inayokaribiana na yako, sio cheti cha dirisha dogo la sentimita 60 alafu wewe unaweka mlango wa slaidi wa mita tatu. Ya Australia (AS 2047) nayo sio mbaya, ni vipimo vya upepo na maji, ila isome jina la mfumo na tarehe.

TBS sasa. Mzigo unatakiwa ukaguliwe huko huko kabla haujapakiwa, ndo hiyo PVoC, unapata CoC (cheti kwamba mzigo umekidhi viwango). Anayeomba ni msafirishaji kupitia wakala anayetambuliwa na TBS, anapeleka invoisi, orodha ya mzigo na ripoti za vipimo. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kulipa pesa yote, kontena liko majini, ndo anaanza kuulizia CoC. Ukifika bandarini bila hicho cheti ni ukaguzi, gharama za ziada na kontena linakaa linahesabiwa siku. Waandikie TBS kabla hujasaini, uwaeleze bidhaa, wakutajie viwango watakavyokupimia, hiyo barua uifanye sehemu ya mkataba na kiwanda.

Ushuru nao uangalie, maana madirisha na fremu zilizokamilika zinaingia namba ya forodha 7610.10, profaili zenye uwazi ndani 7604.21, vioo vya tempa (vilivyopikwa viwe vigumu) 7007, vioo pacha (viwili vyenye nafasi katikati) 7008, kila moja na kiwango chake, alafu VAT 18% juu ya yote. Omba ajenti akupigie hesabu mbili, ya madirisha kamili na ya vipande, ndo umwoneshe bosi. Bei ya FOB Foshan (mzigo ukishapakiwa melini huko, bila usafiri) sio bei ya Kigamboni. Na makreti ya mbao yawe na muhuri wa ISPM 15, kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu.

dada_msanifu

Jamani mmeongea alumini tupu, hoteli ni kioo pia. Kaka @mjenzi_kigamboni, viwanda vya Foshan vitakusukumia fremu zenye kipande cha plastiki katikati ya kukata baridi pamoja na vioo pacha, wakikuambia ndo za hoteli ya nyota tano. Hiyo plastiki imebuniwa kwa ajili ya nchi za theluji. Kwako wewe shida ni jua kuingia na bili ya AC, kwa hiyo uliza kioo kinapitisha kiasi gani cha joto la jua, namba inayoitwa SHGC, ikiwa ndogo ndo afadhali. Kioo pacha mimi ningekiweka upande wa barabara tu kwa ajili ya kelele.

Usalama: milango ya balkoni na kioo chochote kinachoshuka mpaka sakafuni kiwe cha tempa, kinga ya balkoni iwe lamineti, ile ya vioo viwili na utando katikati, ikipasuka inabaki imening'inia haimwangukii mtu huko chini. Na tempa za ghorofa za juu dai zipitishwe tena kwenye oveni kiwandani (EN 14179), maana kuna chembechembe za nikeli salfaidi zinazofanya kioo kipasuke chenyewe usiku hakuna aliyekigusa, mgeni anakimbilia mapokezi akidhani kapigwa risasi.

Kingine ni mvua za masika zikiambatana na kusi. Slaidi ya bei rahisi reli yake ya chini ina ukingo mfupi, upepo unasukuma maji yanaruka ndani mpaka kwenye zulia. Uliza urefu wa huo ukingo na vitundu vya kutolea maji viko wapi. Dirisha la kwanza likifungwa leta mpira wa maji, lipige kwa nje dakika kumi huku mtu kakaa ndani na tochi, kabla hujaruhusu mengine yafungwe.

Na ukibadilisha chochote kilichopo kwenye michoro ya kibali, mfano dirisha la kufunguka ukaligeuza la kioo kisichofunguka, rudi kwa msanifu wako asaini upya, zimamoto pia wataliuliza.

mjenzi_kigamboni

Dada hapo kwenye oveni umeniamsha, sikuwahi kuisikia. Ahsanteni sana wote. Bado swali la yaliyokamilika au vipande, maana fundi wetu anasema akiletewa miche atakata mwenyewe na kazi itakuwa nafuu.

fundi_alumini_tegeta

Mimi ni fundi na riziki yangu ni kukata, lakini kwa vyumba 42 vinavyofanana ningeshauri yaje kamili. Kioo cha tempa hakikatwi kikishapikwa, kwa hiyo hata ukileta miche vioo lazima viagizwe kwa saizi, sasa fundi akikosea milimita tano kwenye fremu kioo kinabaki mapambo. Miche lete ile ya akiba tu.

Shida ya yaliyokamilika ni matundu ya ukutani. Hakuna fundi uashi atakayekupa matundu arobaini yaliyo sawa kwa macho, hata awe mzuri vipi. Chomelea fremu ya chuma ya skwea paipu, moja kwa kila aina ya dirisha, saizi ya dirisha ujumlishe milimita 10 kila upande, waashi wapige plasta mpaka iguse hiyo fremu alafu waitoe wahamie chumba kinachofuata. Uki-oda kabla ya hapo kwa kuangalia mchoro utakuja kuvunja kuta.

Plastiki ya kulinda fremu isitolewe mpaka rangi ya ukuta ikamilike, saruji mbichi inakula alumini na lile doa halitoki.

pwani_mchangani

Samahani kuingilia, na mimi nina nyumba Mji Mkongwe Unguja nataka kuigeuza hoteli ndogo, haya yote yananihusu?

dada_msanifu

Hapana ndugu yangu, madirisha yako wewe ni ya mbao. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, nenda Mamlaka ya Hifadhi kabla hujamlipa mtu yeyote.

kliaring_kurasini

Malipo mkuu: utaratibu wa huko ni 30% mwanzo na 70% kabla ya kupakia. Hiyo 70 usiitoe mpaka mkaguzi uliyemlipa wewe (asiwe rafiki wa saplaya) ameingia kiwandani akapima profaili, rangi na vioo, na ameona mzigo ukiingia kontena. Na rasimu ya CoC uwe umeiona.

fundi_alumini_tegeta

Alafu kwenye kontena hilo hilo wekesha akiba: miche michache ya rangi ya fungu lile lile, roli za raba, vigurudumu vya slaidi, vitasa, na vioo viwili vitatu vya kila saizi. Ukija kuagiza kioo kimoja mwakani utalipia kreti nzima, na chumba kimefungwa hakiuzwi mpaka kifike.