Naomba ushauri: onyo la kabla ya kuingia kwenye seva

Wakuu, habari za kazi. Nina seva za Debian (aina ya Linux) ofisini, bosi anataka onyo litokee kabla mtu hajaandika pasiwedi. Nimeliandika kwenye /etc/issue, faili la maandishi yanayotokea kabla ya kuingia, na penye jina la seva nikaweka \n, alama inayogeuka kuwa jina hilo. Ukikaa mbele ya mashine yenyewe linatoka safi, hadi jina la seva. Kasheshe ni kwa wanaoingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao: walikuwa hawaoni kitu. Nikaweka mstari wa Banner /etc/issue kwenye sshd_config (faili la mipangilio ya SSH), nikawasha huduma upya. Sasa linakuja, ila penye jina la seva panatokea \n mbichi kama nilivyoandika! /etc/motd siitaki, hiyo huja mtu akishaingia.

Je, onyo la SSH nilitenge kwenye faili lake, /etc/issue.net, na jina niliandike kwa mkono, au kuna namna lijijaze lenyewe? Seva ziko sita, na uvivu wangu naujua.