Yule mwalimu wa baiskeli za ndani amegusa kirungu changu cha kukazia pedeli leo asubuhi, sinyamazi

Pedeli Nzito (saa 1:22 asubuhi)

Wakuu, nimekaa kwenye ngazi za jimu hapa nje, jasho halijakauka, muundi umevimba kama embe bolibo, na ninaandika huku mkono unatetemeka kwa hasira.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa maiki ya kichwani, wa "twendeee twendeee", mwenye viatu vinavyong'aa kuliko taa za bajaji. Aliyekanyaga pale hata mara moja anamjua.

Mvua za masika zimenitoa barabarani tangu Machi. Mimi ni mtu wa Jumamosi Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga hadi Bagamoyo na kurudi. Sasa hivi mashimo yamefunikwa na madimbwi, malori ya mchanga yanakuogesha tope mpaka kwenye meno. Nikasema pumzi niliyoitafuta mwaka mzima isipotee bure, niingie ndani na hizo baiskeli zisizokwenda popote. Nimelipa mwezi mzima. Leo kilikuwa kipindi changu cha sita.

Akasema simameni, tunapanda mlima. Mimi nikapanda mlima! Nikakaza kirungu mpaka miguu ikawa inazunguka mara 60 kwa dakika, vilevile ninavyopanda Pugu nikitokea Gongo la Mboto. Wenzangu wamelegeza, wanazungusha 120 bila uzito wowote, wanarukaruka juu ya siti kama kuku waliokanyaga kaa la moto. Huo ndio mlima wao.

Akashuka jukwaani. Akaja hadi kwangu. AKASHIKA KIRUNGU CHANGU. Akalegeza chote, hadi mwisho, na mimi nimesimama, kilo 84 zote ziko juu ya pedeli moja!

Anayezijua baiskeli zile anajua maana yake. Hazina friwili. Lile gurudumu la chuma la mbele likishika kasi, wewe ndiye unazungushwa, mguu hausimami kwa sababu umeamua usimame. Pedeli ikakimbia, goti likaifuata, kiatu kikachomoka, pedeli ikazunguka ikarudi kunipiga muundi. Nimening'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba.

Na yeye, kwenye maiki, darasa zima linasikia: "Mzee wa mkaa, hapa hatubebi magunia!"

Wakacheka wote. Mpaka spika zilicheka.

Naomba mtu mmoja tu anieleze: mkono wake ulitafuta nini kwenye kirungu changu?

Spoki Tatu

Pole sana mkuu. Ila "mzee wa mkaa" imenimaliza, nimemwaga chai kwenye daladala hahahaaa

Mama Wawili

Huyo huyo! Mimi aliniwekea siti chini nikaendesha wiki nane magoti yakiwa karibu na kidevu. Nikimwambia yanauma ananijibu maumivu ni udhaifu unatoka mwilini. Aliyeniokoa ni fundi wa baiskeli wa mtaani Mwananyamala, hajawahi kuona jimu. Aliniuliza tu, "Mama, pedeli ikiwa chini kabisa, goti linabaki limekunja sana au kidogo?" Nikasema sana. Akasema pandisha siti mpaka likunje kidogo tu. Maumivu yakaisha wiki ileile. Fundi wa pancha anajua, mwenye maiki hajui.

Pedeli Nzito

Asante Mama Wawili. Na wewe alikugusa kirungu?

Mama Wawili

Hapana, siti tu.

Pedeli Nzito

Basi mimi yangu ni kubwa zaidi. Nilikuwa NIMESIMAMA.

Kobe wa Kibaha

Mkuu nani alikudanganya kwamba ile disko la kwenye giza ni mazoezi ya baiskeli? Hakuna kona, hakuna upepo, hakuna kuyumba, hakuna lori. Subiri Julai kusi likukute usoni unarudi kutoka Mapinga ndio utajua kama kile kiyoyozi kilikufundisha kitu.

Pedeli Nzito

Hapo hapana, nakukatalia. Baiskeli zenyewe sina ugomvi nazo hata kidogo. Kipindi cha kwanza moyo ulinipiga 176 kwa dakika, nikaona nyota. Wiki hii, kwa spidi ileile na kukaza kulekule, uko 161. Hiyo ni pumzi, haikuja kwa maombi. Na mle ndani hakuna mteremko wa kupumzikia wala taa nyekundu ya Mwenge. Dakika 45 ni dakika 45. Ninachokataa ni mtu kuja kunilegezea wakati nafanya kazi niliyolipia!

Bi Kengele

Na tena kitu hiki kilianzishwa na mwendesha baiskeli wa kweli. Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini, alijitengenezea baiskeli ya ndani huko Kalifonia miaka ya 1980 kwa sababu alikuwa anajiandaa kwa mbio za kuvuka Marekani na hakutaka kuendesha usiku barabarani. Kwa hiyo Kobe tulia. Aliyekuja kukaza miguu ndiye mwenye nyumba, hao wanaorukaruka ndio wageni.

Pedeli Nzito

BI KENGELE MUNGU AKUBARIKI. Mtumie ujumbe huu yule wa maiki.

Mtoto wa Keria

Mimi nimesoma uzi huu nikanyamaza kwanza, halafu nimeshindwa. Baba yangu alikuwa muuza mkaa. Anatoka Kisarawe saa nane usiku, gunia mbili kwenye keria ya Phoenix, haina gia hata moja, breki ni za vyuma, anaingia Buguruni kabla jua halijachomoza. Kuteremka Pugu na ule mzigo alikuwa anakanyaga tairi la nyuma kwa kandambili ili kupunguza mwendo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye keria ile. Sasa nyie mnacheka na mwenye uzi amekasirika kuitwa mzee wa mkaa. Kwa nini liwe tusi? Hakuna mtu kwenye hilo darasa, na huyo mwenye maiki akiwemo, angemaliza kilomita tano na mzigo wa baba yangu.

Pedeli Nzito

Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Naomba radhi kwako na kwa mzee. Kwa neno la mkaa umenitoa hasira kabisa, kuanzia leo nalichukua kama cheo.

Lakini kirungu mkuu. KIRUNGU. Baba yako angekuwa katikati ya Pugu na gunia mbili, mtu akaja akamkatia cheni halafu akamcheka, mngesema nini nyumbani?

Mtoto wa Keria

Huyo mtu asingefika nyumbani kwake.

Pedeli Nzito

Sasa tumeelewana.

Msee wa Ngong

Habari kutoka Nairobi. Kwanza, Pugu ni mlima? Hiyo kwetu ni tuta la matatu. Kujeni Ngong mpande ndio mlalamike vizuri. Pili, wa kwetu ni mbaya zaidi, anatupigisha pushapu juu ya usukani tukiwa tunakanyaga. Pushapu! Nimempigia hesabu, dakika 12 kati ya 45 hatufanyi baiskeli, tunafanya sarakasi. Chris Froome alianzia mazoezi kwa hizi barabara zetu, akaenda kushinda Tour de France mara nne, na hakuna mtu alimpigisha pushapu kwa usukani.

Kobe wa Kibaha

Froome mnamdai nyie, bendera aliyoshinda nayo ni ya Uingereza. Tulizeni.

Msee wa Ngong

Amezaliwa Nairobi 1985, uliza Kinjah wa Kikuyu aliyemfunza. Bendera si damu.

Umuhire K

Mkiongea baiskeli mkumbuke Kigali tafadhali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, na yalikuja kwetu. Nilisimama kwenye kile kilima cha mawe tangu asubuhi. Pogačar, bingwa wa dunia mwenyewe, alipita mita mbili kutoka kwangu na nilisikia anavyohema. Na yeye anahema! Hiyo imenisaidia kuliko mwalimu yeyote.

Spoki Tatu

Kigali barabara laini, hapa Dar ukishika kushoto kuna bodaboda inakuja upande wako, ukishika kulia kuna mwendokasi. Bora hata kilegezwe kirungu.

Pedeli Nzito

BORA KILEGEZWE??? Umesoma uzi wewe? Nilikuwa nimesimama!

Dada Saa Kumi na Moja

Kero yangu ni moja tu na naona hakuna anayeizungumzia: wanaotandika taulo kwenye baiskeli za mbele halafu wanaenda kupiga picha kwenye kioo dakika 20. Baiskeli si kitanda cha ufukweni. Na bafuni maji yanatoka kama machozi ya mamba, unarudi kazini unanuka chumvi.

Mama Wawili

Taulo!!! Dada nenda inbox nina majina.

Spoki Tatu

Na feni ya nyuma inayomgeukia mtu mmoja tu.

Pedeli Nzito

Jamani. Nimerudi ndani kuongea na meneja. Amenisikiliza, ameuangalia muundi, akaniambia, "Mzee, yule ana wateja wengi." Basi. Nimemwambia Alhamisi nitakuja, nitakaa baiskeli ya mwisho ukutani, nitakaza vilevile, na mkono wowote utakaokuja kwenye kirungu changu utakuta mkono wangu upo hapo tayari.

Bi Kengele

Nakuja Alhamisi. Nitakaa baiskeli ya pembeni yako, nami nakaza.

Kobe wa Kibaha

Samahani kutoka nje ya mada. Kuna mtu amenunua tyubu za saizi ya 700 Kariakoo karibuni? Nimeambiwa bei imepanda tena.

Msee wa Ngong

Hapa Nairobi pia zimepanda. Chukua zile nene, nyembamba zinapasuka ukizitazama.

Mtoto wa Keria

Usinunue mpya. Kuna fundi Buguruni anabandika pancha kwa kipande cha tyubu ya lori, nimetembea nayo tangu mwaka jana.

Kobe wa Kibaha

Buguruni upande gani?

Pedeli Nzito

Wakuu mbona mmehamia kwenye tyubu?

Mtoto wa Keria

Ukitoka sheli, kushoto, chini ya mwembe. Muulize yeyote.