Mlioumia shingo zamani, leo kumeza ni kazi: tupeane uzoefu

Mkazi wa Kimara: Wakuu, jana msibani nimemwona mzee anakunywa maji kwa kijiko, nikakumbuka yangu. Nilianguka na bodaboda pale Ubungo, pingili ya shingo ikapata ufa, nikavaa kola miezi mitatu, nikapona. Mwaka wa nane tonge likaanza kugoma kooni. Nalisukuma kwa maji, maji yanarudi puani. Halafu usiku mmoja nyama ikanikaba. Pumzi hamna, macho yananitoka, mke wangu ananipiga mgongoni huku watoto wanalia. Kilichotoka ni kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Tangu hapo nikawa naiogopa sahani, mkanda ukaongezwa matundu mawili.

Hospitali ya kwanza nilimezeshwa dawa za vidonda vya tumbo miezi minne. Hawakuniuliza habari ya shingo, na mimi sikuwaambia! Ya pili wakaninywesha dawa nyeupe nzito kama chokaa, wakanipiga picha huku nameza. Kumbe mifupa imeota mbele ya pingili, inabana njia ya chakula.

Mama Tandika: Umenisema mimi kabisa.

Fundi Buguruni: Meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna, litafungua njia.

Mkazi wa Kimara: Hiyo watu huifanya wakikwamwa na mwiba wa samaki, na hata huko haishauriwi, ndugu yangu. Hapa utaua mtu.

Fundi Buguruni: Bibi yangu alipona hivyo hivyo, usinifundishe.

Binti wa Temeke: Acheni kubishana. Baba alifungwa chuma mbele ya shingo. Miaka sita baadaye skrubu ikalegea, ikawa inasukuma koo. Kila akinywa chai anakohoa, sisi tunasema mafua. Chai ilikuwa inaingia mapafuni. Tulimlaza na nimonia, usiku kucha nahesabu pumzi zake.

Mama Tandika: Pole mwanangu. Yuko wapi sasa?

Binti wa Temeke: Yupo nyumbani, skrubu ilitolewa. Anakunywa uji mzito, maji matupu bado yanampalia.

Kaka Mbezi: Inamisha kidevu ndipo umeze.

Mama Tandika: Mimi nikiinamisha ndio napaliwa zaidi. Mtaalamu akutazame kwanza ukiwa unameza.

Kaka Mbezi: Sawa mama. Ila mtu achunguzwe kwa kamera ya koo pia, kansa nayo huanza hivi hivi. Mjomba tulichelewa.

Mama Tandika: Kimara, umeshapasuliwa?

Mkazi wa Kimara: Nasubiri tarehe. Nakula ndizi za kuponda na mlenda, nimekaa wima, na silali mpaka chakula kishuke. Jana nilimaliza bakuli zima la mtori. Mke wangu alisimama mlangoni ananiangalia mpaka kijiko cha mwisho.