Mnaojijazia risasi kwenye theluji, mkija Karamoja mtatuulia watu

Nimekaa na hasira hii siku nne, leo naimwaga. Kama wewe ni mmoja wa wale wanaojijazia maganda ya risasi baruti nyumbani na kusema "baruti ni baruti tu, muhimu kasi", usipite, uzi huu ni wako.

Mimi ni mfuata nyayo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye kazi hii, kaskazini mwa Uganda, sana sana upande wa Karamoja. Bunduki si yangu, kibali si changu, na ile pembe ya kutundika ukutani pia si yangu. Changu ni kutembea mbele ya mteja nikisoma majani na vumbi, yeye yuko nyuma yangu na mtutu wake. Kwa hiyo mnapobishana juu ya baruti gani ni tamu, mjue kuna mgongo wa mtu hapo katikati.

Wiki iliyopita tulikuwa na mgeni kutoka nchi ya baridi. Mzee mpole, mkarimu, sina ugomvi na tabia yake. Alikuja na bunduki ya .375 H&H nzuri mno na risasi alizojijazia mwenyewe nyumbani. Kila jioni kwenye moto tulisimuliwa habari ileile: kichwa cha risasi cha greini 300 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) kinatoka kwa futi 2,700 kwa sekunde. Sisi tunakula posho na maharage, tunaitikia, mgeni ni mgeni. Lakini anayeijua .375 anajua kwamba kichwa cha uzito huo kutoka kiwandani hutembea futi 2,530 hivi. Sasa hizo 170 za juu zilitoka wapi? Si zawadi kutoka mbinguni. Zililipiwa kwa presha.

Siku ya tatu tukamkuta nyati dume peke yake, saa saba mchana, jua la kutoboa kichwa. Boksi la risasi lilikuwa limeshinda juu ya dashibodi ya Land Cruiser tangu asubuhi. Niliona, nikasema lihamishwe, nikaambiwa nisihangaike. Ukiacha chuma pale kwa nusu saa huwezi kukishika kwa mkono mtupu, na baruti ndani ya ganda inaiva vilevile.

Mzee akapiga. Risasi ikaingia nyuma kidogo ya bega, si pazuri sana. Nyati akayumba, akageuka kututafuta. Mzee akashika bolti, lile komeo la bunduki, aingize ya pili. Haifunguki. Akaipiga kwa kiganja. Haifunguki. Akaiweka bunduki chini, mbele ya nyati mwenye jeraha, akaanza kuigonga bolti kwa kisigino cha kiatu! Mimi nikatazama kushoto nikaona kichuguu, nikatazama kulia nikaona mti wa miiba ambao hata mbuzi asingeupanda. Bosi wangu alimaliza kazi kwa bunduki yake ya mitutu miwili, nyati ameshakuwa karibu kiasi cha kumhesabu kope.

Unajua mzee alisema nini? "Nyumbani zilikuwa sawa."

Bila shaka zilikuwa sawa! Alizijaribu kwenye theluji! Jioni ile tulilitazama lile ganda kwa tochi. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti, imelala bapa kama sarafu iliyokanyagwa na lori, na kwenye kitako cha ganda kuna alama inayong'aa pale shaba iliposukumwa kuingia kwenye tundu la bolti. Hizo ndizo dalili ambazo kila kitabu cha vipimo kinakwambia: ukiziona, simama, rudi chini. Bolti ikianza kuwa nzito tu, tayari umechelewa.

Niwaeleze taratibu, maana naona wengi hawajui au hawataki kujua. Baruti ikiwa imeshapata joto kabla ya kuwashwa, inaungua upesi zaidi. Gesi inajaa kwenye chemba, pale ganda linapokaa, wakati kichwa bado hakijasogea mbali, presha inapanda, ganda linatanuka na kung'ang'ania ukuta. Baadhi ya baruti, hasa za zamani na nyingi za chembe za duara zenye nitrogliserini, huongeza karibu futi moja ya kasi kwa kila nyuzi moja ya Fahrenheit. Toka kwenye baridi ya kuganda maji mpaka joto la risasi iliyoanikwa garini, piga hesabu mwenyewe. Na kasi ikipanda kidogo, presha hupanda kwa haraka zaidi kuliko hiyo kasi. Ukiwa umeshajaza mpaka ukomo wa kitabu, au umeupita kama mzee wetu, hakuna nafasi iliyobaki.

Tena kinachoniudhi ni kwamba jambo hili si geni hata kidogo. Waingereza walilijua zaidi ya miaka mia iliyopita. Kordaiti, baruti yao ya enzi zile, ilikuwa mbaya sana kwa joto, ndiyo maana bunduki zao za Afrika na India zilitengenezwa kwa kuachia nafasi. Tazama risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911: ganda kubwa kama chupa ya soda, presha ya chini, ili lichomoke kirahisi hata jua likiwaka. Hiyo .375 yenyewe, ya mwaka 1912, ganda lake limechongwa kwenda mbele likipungua, na umbo hilo hujinasua kwenye chemba kwa urahisi. Kulikwamisha ganda la namna hiyo kunahitaji bidii ya pekee!

Wanaosema viwanda ndiyo salama daima, nao wasinichekee. .458 Winchester Magnum ilipotoka mwaka 1956, ganda lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa mle ndani, na risasi zikikaa muda mrefu ilikuwa inagandamana na kuwaka vibaya. Risasi inatoka legelege, tembo au nyati hajali. Mwindaji Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, na baadaye akatengeneza ganda refu zaidi, .458 Lott, ili baruti ipate pa kukaa. Kwa hiyo baruti iliyochaguliwa vibaya inakumaliza kwa njia mbili, ikizidi au ikipungua.

Halafu hili la majina. Humu kuna mtu juzi alimwambia mwenzake "kama huna H4350 tia IMR 4350, namba ni moja." Ndugu yangu, namba ni moja, baruti ni mbili! Zina asili moja ya jina lakini haziungui sawa, na kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Na kinyume chake, H414 na W760 majina tofauti, kilichomo ni kilekile. Ukichagua kwa kusoma namba kwenye kopo bila kufungua kitabu, wewe hujazi risasi, unacheza kamari. Mwingine akaandika vipimo kwa "gramu" wakati mizani yake inasoma greini. Gramu moja ni greini 15 na zaidi. Moderata, futa ule ujumbe kabla mtu hajaufuata.

Na nyinyi vijana wa huku kwetu mnaoulizia humu baruti ya kutoa kwenye risasi za jeshi ili mjaze maganda ya kuwindia: acheni. Kwanza sheria ya silaha ya Uganda haikupi ruhusa ya kujitengenezea risasi chini ya mwembe, na afande hatakuuliza ulikuwa unapenda kufanya majaribio. Pili, ile baruti haina jina la dukani. Kiwanda cha jeshi hurekebisha kipimo kwa kila mkupuo, na hakuna kitabu duniani kitakachokwambia uliyoishika mkononi inaungua kwa mwendo gani. Utapasua chemba usoni.

Kuna anayesema, basi mgeni apunguze kipimo akifika kambini. Kwa baruti ipi? Ndege ya abiria haibebi baruti ya kopo hata kidogo. Inabeba risasi zilizokamilika, kilo tano kwa abiria, zimefungwa vizuri, na Entebbe unahesabiwa moja moja. Kilichofungwa kwenu ndicho kitakachopigwa kwetu. Ndiyo maana uamuzi wote uko kwenye meza yako ya nyumbani, miezi kabla hujaniona.

Kwa hiyo chagua baruti ukiwaza Karamoja. Zipo zilizotengenezwa zisiyumbishwe na joto: H4350, H4895 na Varget, zote za chembe kama vijiti na zote zinatoka Mulwala, Australia, nchi ambayo jua wanalijua. Tafuta iliyomo kwenye kitabu kwa ganda lako na uzito wa kichwa chako, anzia chini, panda kidogo kidogo, uishie kabla ya ukomo. Ukishapata, weka risasi chache juani kwenu kiangazi, uzipige, uone kama bolti inafunguka kwa kidole. Nyati hatatambua tofauti ya futi 2,450 na 2,700. Mimi nitaitambua.

Zile risasi 41 za mzee zilizobaki bosi alizifungia sandukuni, mzee akamalizia safari kwa risasi za kiwandani za kambi. Alinipa bahashishi nzuri, lazima niseme ukweli, na akaniomba radhi mara mbili.

NYONGEZA: Naona majibu. Anayeuliza mzee alitumia baruti gani na greini ngapi "ili ajue pa kuishia": sikwambii, na swali lenyewe ndilo lililonifanya nifungue uzi. Anayesema Mzee Bell, mwindaji wa zamani, aliua tembo hukuhuku Karamoja kwa .275 ndogo bila shida: kweli, .275 Rigby, lakini hakuwa anasukuma futi za ziada jikoni kwake. Na anayesema mfuata nyayo anajua nini kuhusu baruti, karibu Moroto. Utatembea mbele, mimi nitakuwa nyuma yako na zile 41.