Mnaiponda No One Will Save You kwa nakala iliyofukiwa na sauti ya mtafsiri

Assalaam alaykum wadau wa Unguja na Pemba. Uzi huu unatoa siri za filamu, asiyeiangalia apite.

Inachosha kusoma kila siku "muvi ya ovyo, haina stori, mwisho ni ndoto tu". Muulize anayeiponda kaangalia nakala gani. Ni ileile ya flashi inayozunguka kuanzia Darajani Unguja mpaka Chake Pemba, iliyotiwa sauti ya mtafsiri. Halafu anakuja hapa na kujiita mhakiki!

Filamu hii ya Brian Duffield ya mwaka 2023 ina dakika 93 na karibu haina mazungumzo. Mwigizaji mkuu, Kaitlyn Dever, anatamka maneno machache mno. Hicho ndicho wahakiki wengi wa nje walichokisifu: msichana peke yake nyumbani, viumbe kutoka anga za juu wamemvamia, na hofu yote tunaisoma usoni mwake na kwenye pumzi zake. Waliogombana waligombania mwisho. Sasa mtafsiri anaichukua filamu ya namna hiyo na kuongea juu ya sauti yake mwanzo mpaka mwisho bila kumeza mate.

Tazameni pale kituo cha polisi. Brynn, yule msichana anayeigizwa na Dever, kakimbilia kuomba msaada, mke wa mkuu wa polisi anamtemea mate usoni, hakuna anayesema neno. Mtazamaji anatakiwa atoke pale na swali: kafanya nini huyu msichana mpaka achukiwe hivi? Jibu linakuja baadaye sana, kwamba mkuu wa polisi na mkewe ni wazazi wa Maude, rafiki ambaye Brynn alimuua utotoni. Mtafsiri kamtia yule mama maneno mdomoni: "Mwizi wa waume wewe!" Basi, kisa kimevunjika. Ikifika habari ya Maude hakuna anayeielewa, ndiyo hao wanaosema haina stori. Na hiyo "ndoto" ya mwisho ni ya mtafsiri pia. Mwishoni mwa filamu hakuna anayezinduka. Brynn anacheza na majirani waliokwisha kutawaliwa na viumbe, na kwa mara ya kwanza mji unampenda. Kama hupendi mwisho huo, sawa, lakini ponda huo, usiponde wa kubuni.

Sauti nayo. Ili asikike, mtafsiri hushusha sauti ya asili. Kwenye muvi ya risasi hasara ni ndogo. Hapa kinachozama ni nyayo ndani ya nyumba na ile milio ya kooni ya viumbe, yaani kila kinachokwambia adui yuko wapi. Ukishachanganya sauti mbili kwenye njia moja huwezi kuzitenganisha tena, hata ubonyeze rimoti mpaka kesho. Juu ya hayo faili limebanwa mno, zile sehemu za usiku zimekuwa viraka vyeusi, kiumbe kasimama kwenye ukumbi na hakuna anayemuona.

Na dawa ipo, haina gharama. Wenye maduka, wekeni faili la mkv lenye njia mbili za sauti: ya kwanza ya asili, ya pili ya mtafsiri. Programu ya MKVToolNix inaziunganisha bure bila kugusa picha. Televisheni nyingi zinazosoma flashi zina sehemu ya kuchagua sauti kwenye rimoti, na programu ya VLC ya kuchezea video inayo pia. Anayemtaka mtafsiri atamchagua. Kwa maandishi ya Kiswahili ya chini ya picha, faili la srt linaloyabeba lipewe jina lilelile la filamu, likae folda moja nayo. Kwa filamu hii ni mistari michache tu, jioni moja inatosha!

Mji wenye tamasha la filamu la ZIFF watu wake wanahakiki kwa nakala za namna hii? Kuanzia leo anayefungua uzi wa kuponda filamu aandike juu kabisa: sauti ya asili au ya mtafsiri.